Mzee wa Keya na Ahadi Yake

Marehemu baba yetu aliishi zaidi ya miaka tisini, na katika hiyo ni mitatu tu aliyokaa vitani. Alichukuliwa kuingia Keya mwaka 1943, akavushwa bahari. Na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipowasukuma Wajapani katika bonde la Kabaw, nchini Burma, mwaka 1944, naye alikuwamo. Mapigano hakupenda kuyasimulia. Alitaja mvua, matope, malaria, na jinsi Mwafrika alivyolipwa pungufu ya Mzungu wa cheo kile kile.

Huko alipata mambo mawili: elimu ya kusoma na kuandika, na deni. Rafiki yake wa kikosini, aliyezikwa bondeni humo, alimwachia usia wa mtoto ambaye hakujaliwa kumwona. Baba aliporejea mwaka 1946 alimtafuta mjane yule, akamlea mtoto pamoja nasi. Tulimwita kaka, tukala naye sahani moja.

Siku ya kuanua matanga ya baba, baadhi ya wazee wa ukoo waliuliza kama mtu wa damu nyingine aweza kurithi shamba. Ndipo mama alipotoa barua iliyoandikwa kwa mkono wa marehemu: huyu ndiye mwanangu wa kwanza. Wazee wakanyamaza; shamba likagawanywa sawasawa.

Nishani za mzee tumezihifadhi. Lakini, ndugu msomaji, urithi tunaojivunia ni barua ile, kwa maana ahadi ni deni.