Klachi ya Gari Letu: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Huenda wewe huna gari. Hata mimi sina gari la peke yangu. Lakini kabichi yangu hupanda gari. Karoti na njegere zako pia hupanda gari. Mgonjwa wa nyumbani kwako akizidiwa usiku, naye hupanda gari. Kwa hiyo habari za gari zinatuhusu sote.

Leo nataka kukueleza habari za kifaa kimoja tu. Kifaa hicho kinaitwa klachi. Nitakueleza jinsi ya kuchagua klachi ya bei nafuu kwa gari lililobadilishwa injini.

Mimi ni mkulima wa Mgeta, katika Milima ya Uluguru. Ni mweka hazina wa kikundi chetu cha wakulima. Kikundi chetu kina Land Rover moja kuukuu, aina ya 109. Namba hiyo ni urefu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ni inchi 109, yaani kama sentimeta 277.

Injini ya petroli ya gari hilo ilikwisha. Tukafunga injini ya dizeli ya Kijapani, ya mtumba. Giaboksi ikabaki ile ile ya Land Rover. Kwa hiyo gari letu ni kama nyumba ya ndoa. Injini imetoka ukoo mmoja. Giaboksi imetoka ukoo mwingine. Klachi ndiyo inayowaunganisha.

Njia yetu unaifahamu. Kutoka Morogoro mjini unafuata barabara ya Iringa. Ukifika Sangasanga unaiacha. Unapita Mlali, kisha unaanza kupanda kuelekea Langali na Nyandira. Ni mlima, kona na makorongo. Wakati wa masika udongo unateleza. Gari likipanda bila mzigo linahema. Likiwa na mbolea, saruji na watu, klachi ndiyo inayoumia kwanza.

KLACHI INAFANYA KAZI GANI?

Injini inapowaka, inazunguka wakati wote. Magurudumu hayazunguki wakati wote. Lazima kuwe na kitu cha kuunganisha na kutenganisha. Kitu hicho ni klachi.

Klachi ina sehemu tatu kubwa. Ya kwanza ni pleti. Pleti ni sahani ya duara. Ina utando wa kusugua pande zote mbili. Katikati ina tundu lenye meno. Tundu hilo tuliite kitovu. Ya pili ni presha pleti. Hii hufungwa kwa bolti kwenye gurudumu zito la injini. Mafundi wanaliita flaiwili. Presha pleti ina springi kali inayoibana pleti kwenye flaiwili. Ya tatu ni beringi ya klachi. Dereva akikanyaga pedali, beringi inaisukuma springi. Pleti inaachiliwa. Injini na magurudumu vinatengana.

Shika viganja vyako viwili. Weka kipande cha ubao katikati, ukibane. Mwenzako akivuta ubao hautoki. Legeza viganja, ubao unatoka. Klachi ni hivyo hivyo.

DALILI ZA KLACHI ILIYOCHOKA

Gari letu lilianza kuonyesha dalili. Injini ilipiga kelele nyingi, lakini mwendo haukuongezeka. Kukawa na harufu ya kuungua. Siku moja lilishindwa kupanda likiwa na magunia machache tu.

Unaweza kupima mwenyewe. Simamisha gari mahali tambarare. Watu wasikae mbele yake wala nyuma yake. Vuta breki ya mkono. Kanyaga breki ya mguu. Ingiza gia ya tatu. Kisha achia klachi polepole huku injini ikiunguruma kidogo. Klachi nzima itaizima injini. Kama injini inaendelea kuunguruma, klachi inateleza. Fanya hivyo mara moja tu. Ukirudia rudia unaiunguza.

SWALI LA MAMA MMOJA

Tulifanya mkutano. Fedha za kikundi zilikuwa kidogo. Fedha hizo hizo tulizitegemea kununua mbegu na mbolea. Klachi ikila fedha zote, mashamba yanalala. Gari likisimama, kabichi zinaoza. Kila upande ulikuwa na hasara.

Kijana mmoja alisema, "Tununue klachi ya nguvu, ile ya magari ya mashindano." Mzee mmoja alisema, "Tununue ya bei ya chini kabisa. Gari lenyewe ni kuukuu."

Ndipo mama mmoja aliposimama. Akauliza, "Fundi, hii iliyokufa ilikufa kwa nini? Mahindi yakikauka, sipandi tena kabla sijajua kama ni mdudu au ni jua."

Fundi alicheka kwa furaha. Akasema, "Mama, hilo ndilo swali."

Giaboksi ikashushwa. Pleti ikatolewa. Ilikuwa na mafuta. Mpira wa kuzuia mafuta nyuma ya injini, unaoitwa sili, ulikuwa umekatika. Mafuta yalivuja juu ya pleti, ikateleza, ikaungua. Tungefunga klachi ya bei yoyote, ingeungua vile vile. Sili ni kitu kidogo, lakini ndiyo ilikuwa mdudu wa mahindi yetu.

Basi shika neno hili la kwanza: usinunue klachi mpya kabla hujajua kilichoua ya zamani. Tazama sili ya injini na sili ya giaboksi. Tazama flaiwili. Kama ina nyufa za ndani, haifai. Kama ina mabaka ya buluu na mikwaruzo, ipelekwe kwenye mashine ya kukereza. Tazama pia matairi. Matairi makubwa kuliko ya asili hupendeza machoni, lakini hufanya gari liwe zito kuondoka. Klachi ndiyo inayolipa.

ULIZA PANDE MBILI

Jirani yetu mmoja ana gari lililobadilishwa kama letu. Alikwenda duka moja mjini. Akataja jina la gari tu. Akapewa boksi la klachi ya gari hilo. Halikufaa, kwa sababu injini ilikuwa ya gari jingine. Akarudi, akataja jina la injini. Akapewa boksi la pili. Nalo halikufaa, kwa sababu giaboksi ilikuwa ya gari la kwanza. Nauli ikaisha, kazi haikufanyika.

Ndugu msomaji, kwa gari lililobadilishwa, usitaje jina. Peleka kipimo. Kanuni ni rahisi: upande wa nje iulize injini, upande wa ndani iulize giaboksi.

Presha pleti lazima ikae kwenye matundu ya flaiwili. Kwa hiyo inafuata injini. Upana wa pleti unafuata presha pleti. Lakini meno ya kitovu lazima yaingie kwenye shafti ya giaboksi. Kwa hiyo yanafuata giaboksi. Beringi nayo inafuata giaboksi, lakini lazima iguse springi ya presha pleti sawasawa.

Chukua rula, karatasi na kalamu. Andika mambo haya:

1. Upana wa pleti, kutoka ukingo hadi ukingo.
2. Idadi ya meno ya kitovu, na upana wa tundu lake.
3. Idadi ya matundu ya flaiwili, na umbali kati ya matundu yanayotazamana.
4. Urefu na upana wa beringi.

Kisha beba vifaa vya zamani uende navyo dukani. Kama ulijifunza kusoma na kuhesabu ukubwani kama mimi, hapo utaona faida yake. Muuzaji hawezi kukuambia "hii inaingia tu" wakati unashika kipimo mkononi.

NGUVU NGAPI ZINATOSHA?

Injini ya dizeli ina nguvu nyingi ya kuvuta ikizunguka polepole. Klachi ndogo ya injini ya zamani inaweza kushindwa. Hapo mtu hufikiri anahitaji springi kali sana. Lakini kuna njia nyingine.

Sukuma mlango karibu na bawaba. Ni mzito. Sukuma mbali na bawaba. Ni mwepesi. Pleti pana nayo hushika mbali na katikati. Pleti ya sentimeta 27, ikibanwa kwa nguvu ile ile, hushika zaidi ya pleti ya sentimeta 24 kwa kiasi cha sehemu moja ya nane. Kwa hiyo, kama flaiwili ina nafasi, tafuta upana kwanza.

Klachi ya mashindano haikutengenezwa kwa ajili ya Mgeta. Pedali yake ni ngumu. Inashika kwa ghafla. Gari linaruka, na giaboksi inapigwa kila linapoondoka. Mlimani tunahitaji klachi inayoshika pole pole, lakini ikishika haiachii.

HESABU YA BEI

Bei ya dukani si bei yote. Kuna malipo ya fundi. Kuna siku ambazo gari limelala. Tufanye hesabu ya mfano.

Tuseme klachi dhaifu ni shilingi 100,000 na inadumu miezi 4. Tuseme klachi imara ni shilingi 300,000 na inadumu miaka 2. Tuseme fundi anataka shilingi 60,000 kila anaposhusha giaboksi.

Klachi dhaifu utaifunga mara 6 katika miaka 2. Kila mara ni shilingi 160,000. Jumla ni shilingi 960,000. Klachi imara utaifunga mara moja. Jumla ni shilingi 360,000. Tofauti ni shilingi 600,000. Hiyo ni mbegu na mbolea. Rahisi ni ghali.

Lakini si lazima kila kitu kiwe kipya. Sisi tulifanya hivi. Tulinunua sili mpya, beringi mpya na presha pleti mpya ya injini yetu. Pleti hatukununua. Kitovu chake kilikuwa kizima, meno hayakuliwa, springi zake ndogo hazikulegea. Fundi aling'oa utando wa zamani uliolowa mafuta. Akapigilia utando mpya kwa ribiti. Kwa njia hiyo tulipata upana wa injini na meno ya giaboksi katika pleti moja. Fedha za mbegu zilibaki salama. Masika mawili yamepita, na gari linapanda.

Vifaa vya mtumba navyo vinaweza kufaa, lakini si kwa kila kitu. Beringi ya mtumba usinunue kamwe. Ni ya bei ndogo, lakini ikifa giaboksi inashushwa tena.

JIHADHARI NA VYA BANDIA

Kuna watengenezaji wanaojulikana duniani, kama Valeo wa Ufaransa, LuK na Sachs wa Ujerumani, Exedy na Aisin wa Japani. Majina makubwa ndiyo huigwa. Kwa hiyo usinunue boksi, nunua kilichomo. Soma herufi za jina moja moja. Linganisha namba ya boksi na namba ya kifaa. Tazama kama ribiti zimezama chini ya utando. Dai risiti. Hapa nchini Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia.

KABLA YA KUFUNGA

Mwambie fundi aingize pleti kwenye shafti kwa mkono. Lazima iteleze bila kugongwa, na isichezecheze. Paka chaki kwenye vichwa vya bolti za flaiwili. Weka pleti mahali pake, uizungushe. Kama kitovu kimepata chaki, kinagusa bolti. Hapo kuna kasoro. Irekebishwe kabla ya kufunga.

Jihadhari na vumbi la klachi. Pleti nyingi za zamani zilikuwa na asbesto. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta maradhi mabaya, hata kansa, baada ya miaka mingi. Usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji. Watoto wakae mbali.

DEREVA NAYE NI DAWA

Klachi njema kwa dereva mbaya haidumu. Dereva asipumzishe mguu juu ya pedali. Akisimama mlimani, ashike gari kwa breki, si kwa klachi. Aondoke kwa gia ya kwanza. Akiteremka kutoka Nyandira, asikanyage klachi ili gari lijiendee lenyewe. Hapo injini haisaidii kulizuia. Breki zinapata moto, zinashindwa, na korongo liko kando. Hasara hiyo haina spea.

Ndugu msomaji, kama kijiji chenu au kikundi chenu kina gari la namna hii, kaeni pamoja. Ulizeni kilichoua klachi ya kwanza. Pimeni. Andikeni. Pigeni hesabu ya miaka 2, si ya siku moja. Kijana wenu anayependa ufundi mpelekeni akasome. Hapa Morogoro kuna chuo cha VETA, Kihonda. Fundi wa kwenu mwenye elimu ataokoa fedha za wengi.

Fedha ya mkulima hutoka jashoni. Isiungue mlimani.