Gir: Makao ya Mwisho ya Simba wa Asia

Katika miji yetu ya Pwani hakuna mtaa usiokuwa na Hamza, Haidar, Abbas au Usama. Majina hayo yote, kwa Kiarabu, yanamtaja simba. Ami yake Mtume (S.A.W.), Sayyidna Hamza bin Abdulmuttalib, alipewa lakabu ya Asadullah, yaani Simba wa Mwenyezi Mungu. Waarabu hawakumsifu mnyama waliyemsikia kwa mbali. Zama hizo simba aliishi Sham, Iraq na Uajemi, na makao yake yakaendelea hadi Bara Hindi.

Leo huko kote hayuko. Bunduki zilipoenea na mapori yakageuzwa mashamba, alitoweka nchi baada ya nchi. Iraq na Uajemi walimpoteza katika karne ya 20. Barani Asia amebakia porini mahali pamoja tu: msitu wa Gir na viunga vyake, katika jimbo la Gujarat nchini India. Huko ndiko tulikofunga safari.

Gujarat si ugenini kabisa kwa watu wa Mombasa na Lamu. Majahazi ya Kachchh yalikuja kwetu na kaskazi na kurejea na kusi, karne baada ya karne. Tulifikia kwanza mji wa Junagadh, penye makaburi ya manawabu, wenye minara iliyozungukwa na ngazi za mawe kama nyoka aliyejiviringisha mtini. Kutoka hapo hadi Sasan, mlango wa msitu, ni mwendo wa kama kilomita 60.

Msitu wenyewe ni mkavu, wa misaji na miti ya miiba. Tuliingia alfajiri kwa gari la wazi, na baada ya saa nzima ya kimya tulimwona simba dume amelala kando ya njia. Manyoya yake ya shingoni ni machache kuliko ya simba wetu wa Kenya, hata masikio yake yanaonekana wazi, na chini ya tumbo ana mkunjo wa ngozi. Hata hivyo, mwaka 2017 wataalamu waliwagawa simba wote wa dunia katika matawi mawili, na huyu wa Gir wakamweka pamoja na wale wa Afrika Magharibi na ya Kati. Simba wetu wa Tsavo wako katika tawi la pili, pamoja na wa kusini mwa Afrika.

Karibu na Gir, katika kijiji cha Jambur, tuliwakuta Masidi, Waislamu wenye asili ya Afrika ambao wahenga wao walivushwa bahari hii hii. Lugha yao sasa ni Kigujarati, lakini ngoma yao wanaiita goma. Baadhi ya Masidi hufanya kazi ya kuwaongoza wageni msituni.

Kunusurika kwa simba hawa kulianzia kwa manawabu wa Junagadh, watawala Waislamu wa eneo hilo. Mwanzoni mwa karne ya 20 simba walikuwa wamebakia wachache mno, nao wakaweka marufuku ya kuwawinda. Serikali ya India iliifanya Gir kuwa hifadhi mwaka 1965. Hesabu ya mwaka 1968 ilipata simba 177. Mwaka 2015 walifika 523, mwaka 2020 wakawa 674, na mwaka 2025 wakahesabiwa 891. Wafugaji Wamaldhari bado wanakaa msituni na nyati wao wa maziwa, na mnyama wao akiliwa na simba, serikali huwalipa fidia. Bila subira ya wafugaji hao, marufuku peke yake isingetosha.

Lakini ndani ya furaha hiyo mna hofu. Simba hawa wote wametokana na wale wachache walionusurika, hivyo damu zao zimekaribiana sana. Mwaka 2018 maradhi yaliingia Gir na katika wiki chache simba zaidi ya 20 wakafa. Wengine hutumbukia katika visima vya mashambani au kugongwa na treni, kwa kuwa msitu umewawia mdogo.

Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya India iliamuru baadhi yao wahamishiwe Kuno, katika jimbo la Madhya Pradesh, ili wapate makao ya pili. Vijiji vilikuwa vimekwisha kuhamishwa kuwapisha. Hadi leo simba hawajapelekwa. Gujarat inawaona kuwa fahari yake na haikupenda kuwatoa. Mwaka 2022 Kuno ilipokea duma kutoka Namibia.

Wazee wetu wa biashara walijua kwamba mwenye akili hapakii mali yake yote katika jahazi moja, hata nahodha awe hodari namna gani. Gujarat imekuwa nahodha hodari, na jahazi lake limefika mbali. Bado ni jahazi moja. Nasi tulio jirani na Tsavo tusijione tuko salama. Mfugaji wetu aliyeliwa ng'ombe wake akicheleweshewa fidia, hutafuta sumu. Viumbe hawa ni amana ya Mwenyezi Mungu, na tutaulizwa juu yao. Tukiwapa watoto wetu majina ya simba, basi na tuwaachie pia simba wenyewe, in shaa Allah.