Njia ya makoko wa Kambodia

Juma hili tunawaalika kwenye safari ya mbali. Hatupandi ndege. Tunachukua ramani tunayofundishia darasani, tunavuka Bahari ya Hindi na kushuka Kambodia, inchi ya mashamba ya mpunga, ya mto Mekong na ya ziwa kubwa la Tonle Sap. Wengi wa wakaaji wake wanafuata mafundisho ya Budha, na pagoda zimeenea vijijini kama makanisa kwetu.

Ndani ya kiwanja cha pagoda utaona wamama wazee wamenyoa nywele na kuvaa nguo nyeupe. Wanafagia, wanapika chakula cha watawa, wanasali. Wengi ni wajane. Watu huwaita yeay chi, na yeay maana yake ni bibi, au koko kama tunavyosema huku. Mgeni angedhani wamekuja kungoja siku yao ya mwisho. Sivyo.

Tarehe 17 Aprili 1975, Khmer Rouge waliingia mji mkuu, Phnom Penh. Katika muda usiotimia miaka 4, watu karibu milioni 1.7 walikufa kwa kuuawa, kwa njaa, kwa magonjwa na kwa kazi za nguvu. Watawa walivuliwa mavazi yao, wengi wakauawa, na pagoda zikageuzwa maghala na magereza. Utawala huo ulianguka Januari 1979. Serikali iliyofuata iliruhusu dini tena, lakini kwa miaka kadhaa ilikataa mtu wa chini ya miaka 50 asiwe mtawa, kwa sababu vijana walitakiwa jeshini na kazini. Hivyo ni wazee walioamsha pagoda. Ni wao waliokumbuka sala na desturi wakati vitabu vilikuwa vimechomwa.

Lakini vita havikwisha. Mwaka 1992, mtawa mzee Maha Ghosananda, ambaye jamaa yake yote iliangamia, alianzisha matembezi ya amani yaliyoitwa Dhammayietra. Walitoka mpakani mwa Thailand pamoja na wakimbizi waliokuwa wanarudi kwao, wakatembea mwezi mmoja hivi mpaka Phnom Penh. Wengi katika mstari ule walikuwa wamama wazee. Waliondoka kabla ya jua kuwaka, kwa njia zenye mabomu ya ardhini kandokando. Wanakijiji waliwangojea na ndoo za maji na vijiti vya ubani vinavyowaka. Vijiti vilizimwa ndani ya maji, ishara kwamba moto wa vita uzimike vilevile. Askari nao waliweka bunduki chini na kuomba baraka.

Msifikiri ilikuwa rahisi. Mwaka 1993 bomu la mkono lilianguka ndani ya pagoda walimokuwamo, likakosa kulipuka. Mwaka 1994 walijikuta kati ya pande mbili zinazopigana, na mtawa mmoja wa kiume na mmoja wa kike wakafa. Waliobaki hawakurudi nyuma. Tangu hapo walikaza kanuni: asiingie mstarini mwenye silaha, wala mwenye nguo ya chama cha siasa. Kabla ya kuondoka, watembeaji walifundishwa namna ya kutulia wakisikia risasi na namna ya kumjibu mwenye hasira.

Mafundisho ya Budha yanaweka ulinzi juu ya ulimi kwa mambo 4: usiseme uongo, usipeleke maneno ya kugombanisha watu, usiseme kwa ukali, usipoteze wakati katika porojo. Mwaka 1995 yeay chi na wamama wengine waliunda shirika lao, wakajifunza kusikiliza wenye majonzi na kupatanisha jamaa zinazogombana. Koko ambaye hana shamba wala pesa, lakini ambaye kijiji kizima kinajua hasemi uongo wala hapeleki maneno, anaweza kuingia nyumba ya mume na mke wanaopigana, na wote wawili wakamsikiliza.

Sisi ni Wakristo na Waislamu, na hatuombi mtu abadili dini. Tunaangalia tu huku kwetu. Katika vijiji vya Kivu ya Kusini, wamama wazee wamesingiziwa uchawi, na wengine wakauawa na vijana waliowaona wakizaliwa. Katika mikutano mingi ya kupatanisha watu, wazee wanaume hupewa viti, na makoko hutumwa jikoni. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Tujiulize basi: neno hilo litapona namna gani, ikiwa nusu ya wazee wamefungwa midomo?

Kwa hiyo tunapendekeza jambo moja dogo. Katika mkutano wetu ujao, kila mmoja aje na mama mzee wa nyumba yake au wa jirani yake, hasa yule ambaye watu wameanza kumnong'onea. Akae mbele. Aseme kwanza, asikatwe neno. Nasi tutakaosema baada yake tushike mambo yale 4. Na anayeogopa kutembea peke yake, tumpitie nyumbani tumsindikize.