Kila Kitu na Mafuta Yake

Kiunga ni kijiji kilicho karibu na mwisho wa pwani ya kaskazini ya Kenya, mkabala na mpaka wa Somalia. Kitu kikiharibika hapa, duka la vipuri li mbali, na safari ya Lamu ina gharama yake. Basi, ewe msomaji, usimcheke mtu aokotaye mashine mbovu ya kukatia majani iliyotupwa uani. Kisu chake kimeliwa na kutu na magurudumu yake yamevunjika, lakini huenda moyo wake, yaani mota ya umeme, ungali hai.

Mota ya namna hii, iendeshwayo kwa betri, ina viungo vichache: sumaku, waya wa shaba uliozungushwa juu ya chuma, mhimili, na vipande vya kaboni vinavyofikisha umeme kwenye waya huo. Asili yake ni jaribio la mwaka 1821, Michael Faraday alipoufanya waya wenye umeme uizunguke sumaku mjini London. Faraday alikuwa mwana wa mhunzi, na mlango wake wa elimu ulikuwa vitabu alivyovijalidi.

Kwanza iondoe mota katika betri. Funga taa ndogo kwenye nyaya zake, zungushia kamba katika mhimili, kisha uivute kwa nguvu. Taa ikimeta, waya wa ndani haujakatika. Maana mota yenye sumaku ikizungushwa huzaa umeme. Lakini mhimili ukiwa mzito au ukikwaruza, ugonjwa aghalabu ni ukavu na uchafu. Pepo za bahari huleta chumvi na mchanga, na chumvi huharakisha kutu.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kwa nini tusitie sifa? Si ndiyo ihifadhiyo majahazi?" Swali lake lilikuwa na akili. Sifa, mafuta ya papa, hupakwa mbao ili ipenye, ishike na kuzuia maji. Kazi ya mafuta ya mota si kushika, bali ni kutelezesha. Sifa ni sifa kwenye jahazi. Kwenye mota ni aibu. Mafuta ya kupikia nayo, yakipata joto na hewa siku nyingi, hunata kama utomvu na kukamata vumbi.

Bushi yenye vinyweleo vya kunyonya mafuta yatosheka kwa tone moja au mawili ya mafuta mepesi ya mashine. Beringi iliyo wazi huoshwa, hukaushwa, kisha hupewa grisi kidogo. Beringi iliyofunikwa pande zote haitiwi kitu, ikichakaa hubadilishwa. Kaboni zisiguswe na mafuta kabisa, kwani mafuta yakichanganyika na vumbi lake huwa tope liharibulo njia ya umeme.

Mota iliyotunzwa hivyo yaweza kuzungusha kinoo, na tezo la fundi wa vyombo likapata makali. Ukavu huiua mota, na ukarimu usio na maarifa huiua vilevile. Kwa hiyo, kabla hujainamisha kopo la mafuta, jiulize kiungo kilicho mbele yako kinataka nini, na kiasi gani.