Tusiwachagulie Watoto Jina

Binti yangu, daktari kijana aliyeko Marekani, alinipigia simu akitaka ushauri. Nia yake ni ubingwa wa kutibu wagonjwa mahututi. Huko, njia ya wengi huanzia katika magonjwa ya ndani: mafunzo ya miaka 3, kisha 2 ya mahututi peke yake, au 3 yakiunganishwa na mapafu. Ilimpasa kupanga hospitali kwa orodha. Kompyuta ikishaamua mwezi Machi, hakuna kurudi nyuma.

Kwa fahari ya mzazi, nikamtajia hospitali yenye jina kubwa. Akaniuliza, "Baba, mgonjwa akiishiwa pumzi usiku wa manane, nani humhudumia kule? Sisi wanafunzi, au mabingwa peke yao nasi tukitazama?"

Nikanyamaza. Mama yake alifariki wodini usiku, mbele ya daktari kijana ambaye mikono yake ilitetemeka kwa kutofundishwa.

Basi akaitanguliza hospitali ndogo, ambako walio mafunzoni hushika zamu wenyewe chini ya uangalizi, na waliowatangulia wamepata nafasi za ubingwa.

Wazazi wenzangu, tuwaulize watoto watajifunza nini, si wataitwa nani.