Watoro wa Kikogwe

Shuleni neno "mtoro" lilikuwa na fimbo nyuma yake. Ndiyo maana niliposoma kwamba kusini ya mto Pangani paliwahi kuwa na kijiji kizima cha watoro, watu wazima na jembe zao, nilicheka peke yangu kama mwehu.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukataza kusafirisha watumwa baharini. Darasani tulifunga daftari hapo. Lakini biashara haikufa, bwana! Watumwa wa Kilwa sasa waliswagwa kwa miguu kuifuata pwani hii hii yetu, Dar es Salaam kwenda kaskazini. Mwingereza mmoja, Elton, alihesabu zaidi ya 4,000 ndani ya mwezi mmoja tu. Huku Mbweni tunakoogelea Jumapili hatuko mbali na njia yao. Waliofika Pangani, wengine walivushwa kwa siri kwenda Pemba, wengine wakaishia kwenye mashamba ya miwa kando ya mto.

Mwaka huohuo watumwa wa mashamba hayo waliasi, wakakimbia, wakajenga Kikogwe.

Sasa mchukue Abushiri. Kidato cha pili tulimkariri: shujaa, kanyongwa na Wajerumani Pangani, Desemba 1889. Sawa, simvui ushujaa wake. Ila naye alikuwa na shamba la miwa hapo Pangani, na waliolilima walikuwa watumwa. Swali hilo halikutoka kwenye mtihani.

Halafu 1893 Mjerumani Hindorf akaagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, na ikapandwa wapi? Kikogwe! Penye watoro pakaja mkonge, na mkonge ukaja na manamba wake.

Mimi naandika riwaya ya mwanamke aliyekimbilia huko. Baba mdogo, ambaye ni mtu wa Pangani, hataki hata kuisikia. "Mwanangu, ukianza kutaja nani alikuwa wa nani, utavunja ndoa za watu." Si utani huo, kuna familia ambazo posa bado inaulizia mababu. Nikamwambia, baba, hawa wa Kikogwe hawakuwa wa mtu. Akanyamaza, akaomba chai.

Sura tatu zimekwisha. Mwanamke wangu anaitwa jina alilopewa na bwana shamba, na kwenye sura ya nne, akishavuka mto, inabidi alitupe. Jina la kwao bado nalitafuta. Juzi baba mdogo kanitajia mawili, kwa sauti ya chini, mlango umefungwa.