Waya mmoja, masikio mengi

Ninyi mnaoishi leo mbali na nyumba zenu, nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo: waya wa kuunganisha simu na redio yenye bafle.

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkeno ya Nyiragongo kulipuka, wakubwa wa mkoa waliamuru mitaa mingi ya Goma ihame. Maelfu tulifuata barabara ya Sake. Tulilala makanisani na mashuleni. Chakula kilikuwa haba, lakini uvumi ulijaa. Huyu anasema gesi ya ziwa Kivu itatoka usiku, yule anasema watu wameruhusiwa kurudi. Kila mwenye simu alisikiliza habari peke yake na vifaa vya masikioni, kisha anasimulia vile alivyoelewa. Mama mwenye watoto wanne ataamua namna gani kurudi au kubaki?

Kinyozi mmoja alikuwa na redio ndogo yenye bafle mbili, akiiwasha kwa batri ya gari. Antena yake ilikuwa imevunjika. Lakini nyuma kulikuwa na matundu mawili, jekundu na jeupe, yameandikwa AUX. Kijana mmoja alileta waya, akaunganisha simu, na habari za Radio Okapi kwa Kiswahili zikasikika uwanja mzima. Watu wakaanza kuulizana: «Wamesema mtaa gani?» Aliyesikia vibaya alisahihishwa na jirani papo hapo.

Kazi yenyewe si ngumu. Fishi moja nyembamba inaingia kwenye tundu la simu la vifaa vya masikioni. Zile mbili za upande wa pili zinaingia kwenye redio: nyekundu kwa nyekundu, nyeupe kwa nyeupe. Punguza sauti ya redio kwanza, unganisha, chagua AUX, kisha pandisha polepole. Ukifungulia simu mpaka mwisho, sauti inakwaruza na maneno hayaeleweki. Tundu la redio lenye picha ya vifaa vya masikioni linatoa sauti, halipokei. Ukichomeka simu pale hutasikia kitu. Ikinguruma wakati simu iko kwenye chaji, chomoa chaji. Na ukitoa waya, shika fishi, usivute kamba, maana hukatika pale shingoni.

Faida nyingine: simu nyingi zenye FM zinahitaji waya uchomekwe ndipo zishike kituo, kwa sababu waya ndio antena. Waya huo wa redio mara nyingi unafanya kazi hiyo pia. Na mtandao ukikatika, habari au tangazo la chanjo lililorekodiwa kwenye kadi ya memori linaweza kurudiwa jioni, wanaotoka kuteka maji nao wasikie.

Wenye kukimbia wanapoteza vingi, lakini kusikia neno moja kwa pamoja kunawezekana hata chini ya hema. Kwa hiyo leo ulizeni katika uwanja wenu: nani ana simu, nani ana redio, nani ana batri? Pengine kinachokosekana ni waya tu, na huo mnaweza kuuchangia.